Sikio la Kushoto

Jumamosi, 15 Novemba

Ndege ilipoanza kushuka, sikio langu la kushoto likaziba. Nikameza mate, nikapiga miayo, nikabana pua na kupuliza kama alivyonielekeza abiria wa pembeni. Halikuzibuka. Nimeingia Vienna nikisikia upande mmoja. Mtu mwingine angesema ni jambo dogo. Mimi nimepiga fidla ya taarab miaka arobaini na moja, na fidla hukaa kushoto, chini ya taya. Sikio hilo ndilo linalokiambia kidole kuwa kimepanda au kimeshuka. Nimedunduliza miaka minne nije kusikiliza muziki katika mji huu, na sasa nitausikia nusu.

Mpwa wangu alinipokea uwanjani. Ni muuguzi, huu ni mwaka wake wa sita hapa. "Shikamoo, mjomba." Nikaitikia marahaba kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, watu wakageuka. Alinivisha koti la mumewe, zito, mikono yake inanifika vidoleni. Skafu alisahau. Nyumbani nilimkabidhi doti ya kanga aliyopelekewa na mke wangu. Akaitandaza mezani, akasoma jina lake: Usisafirie nyota ya mwenzio. Akachukua mkasi, akaikata, kanga moja akanizungushia shingoni. "Hii yako mpaka uondoke, mjomba."

Saa kumi na robo jioni jua lilikuwa limekwishazama.

Jumapili, 16 Novemba

Mpwa wangu yuko zamu. Maduka yamefungwa, na duka la dawa la mtaani pia. Mlangoni pamebandikwa anwani ya duka la zamu, lakini mtaa wenyewe sikuujua uko wapi. Nikaenda Stephansdom, kanisa kuu la mji, nikapanda mnara wa kusini nikitumaini kuwa kimo kitazibua sikio. Ngazi ni 343. Zinazunguka ndani ya mawe, na wanaoshuka na wanaopanda hupishana kwa kujibana ukutani. Mnara una mita 136, lakini ngazi zinakoma kwenye chumba alichokuwa akikaa mlinzi wa moto, karibu nusu ya kimo. Sikio halikubadilika. Nimeshuka na maumivu ya goti.

Nilikaa chini kwenye benchi mpaka goti lilipotulia. Katika kanisa hili Mozart alifunga ndoa tarehe 4 Agosti 1782, na hapa aliombewa Desemba 1791. Haydn aliimba hapa utotoni. Sauti ilipobadilika, akatolewa.

Nje wapo vijana waliovaa makoti mekundu na nywele nyeupe za bandia, kama watu wa karne ya 18. Wanauza tiketi. Mmoja aliniambia leo usiku, Mozart na Strauss, okestra ya Vienna. Nilielewa kuwa ni okestra ile kuu ya mji, nikalipa yuro 59. Usiku nikakuta wapigaji wanane katika ukumbi mdogo, na vipande vifupi vifupi: mwanzo wa hiki, mwisho wa kile. Walipiga kwa usafi, na yule wa fidla ya pili alikuwa na mkono mzuri wa uta. Lakini muziki ukikatwa kabla haujafika unakokwenda, msikilizaji hubaki akidai. Nimerudi nyumbani nikidai.

Jumatatu, 17 Novemba

Mwenye duka la dawa amenipa dawa ya kupuliza puani. Siku tatu au nne, amesema.

Nikapanda treni ya chini kwa chini mpaka Heiligenstadt, mwisho wa njia, kisha nikauliza njia ya Probusgasse namba 6. Beethoven alikaa hapo mwaka 1802. Nyumba ndogo, ina ua, na leo ni makumbusho. Makumbusho hayo hufungwa Jumatatu. Sikuwa nimeuliza. Nimesimama mbele ya lango kiasi cha nusu saa, kwa kuwa nilikuwa nimekwishafika.

Alikuwa na miaka 31. Oktoba mwaka huo aliwaandikia ndugu zake wawili barua kuhusu uziwi wake, na hakuipeleka. Ilionekana katika karatasi zake alipokufa, mwaka 1827. Humo anaeleza kuwa mtu aliyesimama naye alisikia filimbi kwa mbali, na yeye hakusikia kitu. Barua yenyewe haipo Vienna. Imehifadhiwa Hamburg, mji uleule alikohamia Bibi Salme wetu, binti wa Sultani wa Zanzibar, mwaka 1867.

Pale langoni niliziba sikio la kulia kwa kidole. Gari lilipita barabarani. Niliona magurudumu yakikanyaga majani makavu na sikusikia majani. Nilichosikia ni damu yangu. Nikaondoa kidole upesi.

Mwalimu wangu alinifundisha bashraf kumi na moja, zile za kufungulia taarab, zote kwa sikio. Hapakuwa na karatasi. Yeye akipiga, mimi nafuata, nikikosea anasimama na kunitazama mpaka nijue mwenyewe nimekosea wapi. Njiani kurudi nilizihesabu kichwani, nikafika saba. Nne sina. Ya nane nina mwanzo wake tu.

Jumanne, 18 Novemba

Leo nimeingia ukumbi wa Musikverein. Nimeingia nusu.

Tiketi yangu ilikuwa ya kusimama, nyuma ya ukumbi, bei yake ndogo sana ukilinganisha na ya Jumapili. Nilifika robo saa kabla. Ukumbini mtu haingii na koti, sharti aliache, basi nikapanga foleni, nikalitoa, nikapewa kibati cha namba. Mlangoni nikagundua kuwa tiketi iko katika mfuko wa koti. Nikarudi kwenye foleni. Nilipopata tiketi, milango ilikuwa imefungwa. Mama mlangoni alitia kidole midomoni, akaniashiria nisubiri hadi mapumziko. Hakunikemea. Sheria ni sheria, na mchelewaji nilikuwa mimi.

Ndani ilikuwa simfonia ya Schubert ile isiyomalizika. Inaanza kwa chelo na fidla kubwa za besi, chini kabisa, kimya karibu na pumzi. Ukiwa mlangoni, na kwa sikio moja, mwanzo huo haupo. Nilisubiri, nikadhani hawajaanza, mara okestra nzima ikanguruma, nikajua kuwa imekwishapita sehemu niliyoijia. Kwa dakika ishirini na kitu nilisikia milima tu, mabonde sikuyasikia.

Schubert aliiandika mwaka 1822. Sehemu mbili zilikamilika, ya tatu akaianza na kuiacha. Karatasi zilimfikia rafiki yake, Anselm Hüttenbrenner, akazihifadhi kwake miaka mingi. Muziki huo ulipigwa mara ya kwanza hapa Vienna tarehe 17 Desemba 1865, mwenyewe akiwa amekufa miaka 37. Nimekaa kwenye benchi la ushoroba nikiwaza miaka hiyo yote ndani ya nyumba ya mtu. Ungeteketea. Lakini kwa kuwa ulikuwa kwenye karatasi, uliweza kungoja.

Baada ya mapumziko nikaingia. Ukumbi ulifunguliwa tarehe 6 Januari 1870, msanifu wake Theophil Hansen. Urefu unakaribia mita 49, upana 19, kimo karibu 18. Sakafu ni ya mbao na chini yake pana uwazi. Dari haikukandamizwa kwenye kuta, imening'inizwa. Mpiga fidla akiingia anatambua mara moja: ni sanduku la fidla, na sisi tumesimama ndani yake.

Walipiga konseto ya fidla ya Beethoven, ambayo Franz Clement aliipiga mara ya kwanza mjini humu tarehe 23 Desemba 1806. Haianzi na fidla. Inaanza na ngoma za shaba peke yake, mapigo manne ya taratibu, ndipo zumari zinaingia. Nililazimika kuelekeza sikio la kulia jukwaani, kwa hiyo muziki wote nimeusikiliza nikitazama ukuta wenye sanamu za wanawake wa rangi ya dhahabu. Shingo imekakamaa. Katika sehemu ya pili, okestra ikiwa imefunika sauti, mpigaji alivuta uta mmoja mrefu, mwepesi, mwisho wake sikuujua uliishia wapi. Nikageuka nimtazame. Uta ulikuwa bado unakwenda.

Watu karibu elfu mbili, na hakuna aliyejikuna. Kwetu usiku wa taarab hufunguliwa kwa bashraf, na bashraf ikipigwa watu husalimiana, hutafuta viti, huulizana habari za safari. Wanangoja mwimbaji. Nimeyazoea hayo tangu ujana, na sijawahi kuyalalamikia. Leo nayalalamikia.

Jumatano, 19 Novemba

Schubert alikufa tarehe kama ya leo, mwaka 1828, akiwa na miaka 31. Kwa hiyo nimekwenda Zentralfriedhof, makaburi makuu, kwa tramu namba 71. Makaburi hayo yana malango kadhaa na kila lango lina kituo chake. Nilishuka mapema, lango la kwanza. La wanamuziki ni la pili. Ndani ya uzio ule wamezikwa watu wapatao milioni tatu, basi kukosea lango si kukosea hatua mbili. Nimetembea na goti langu muda mrefu, mvua ikinyunya, kanga kichwani.

Kundi la 32A. Beethoven yupo, Schubert yupo pembeni yake, Brahms na Strauss hatua chache. Wawili wa mwanzo hawakuzikwa hapo. Walihamishwa kutoka makaburi ya Währing mwaka 1888. Schubert alibeba mwenge katika mazishi ya Beethoven, na mwaka uliofuata naye akazikwa. Pale kwake leo paliwekwa maua mabichi na mshumaa ndani ya kikombe chekundu. Nilitaka kupiga picha kwa ajili ya wenzangu wa kilabu cha taarab. Simu ilizima kwa baridi.

Katikati ya makaburi hayo pana mnara wa Mozart, lakini Mozart hayupo chini yake. Wakati wa kurudi nikashuka St. Marx, makaburi ya zamani alikozikwa Desemba 1791 katika kaburi la kawaida lisilo na alama. Makaburi ya namna hiyo yalifukuliwa na kutumiwa tena. Mkewe alipokuja kulitafuta baada ya miaka mingi, hapakuwa na wa kumwonyesha. Sasa pamewekwa nguzo iliyovunjika na malaika aliyeshika shavu, mahali panapokisiwa.

Hapo sikusikitika kama nilivyodhani. Sisi makaburi yetu ni ya udongo na mawe mawili, na sioni kasoro yake. Kaburi la mwalimu wangu nalijua kwa mwembe ulio karibu nalo. Mwembe ukikatwa, litapotea. Kila alichoandika Mozart kinachojulikana kinaweza kupigwa kesho asubuhi na kijana yeyote aliyefundishwa kusoma noti. Bashraf ya tisa ya mwalimu wangu hakuna kijana awezaye kuipiga. Mimi mwenyewe siwezi.

Alhamisi, 20 Novemba

Sikio limelia mara moja kama mlango, kisha likafunga tena.

Nimekwenda Augarten, bustani ya zamani yenye ukuta pande zote. Tarehe 24 Mei 1803, saa mbili asubuhi, kijana mmoja mpiga fidla alisimama katika ukumbi wa bustani hii na Beethoven akakaa kwenye piano. Kijana ni George Bridgetower, baba yake mtu mweusi, mama yake Mzungu. Sonata waliyoipiga wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Sehemu ya pili haikuwahi kunakiliwa, Bridgetower akaisoma kutoka karatasi ya Beethoven mwenyewe, na wasikilizaji wakaitaka tena. Beethoven alimwandikia yeye kazi hiyo. Baadaye wakagombana, na ilipochapishwa mwaka 1805 ilikuwa na jina la mwingine, Rodolphe Kreutzer, ambaye hakuipiga hata mara moja. Mpaka leo inaitwa Kreutzer.

Inaanza na fidla peke yake, nyuzi kadhaa kwa pamoja. Nilisimama mbele ya jengo, ambalo sasa ni la kiwanda cha vyombo vya kaure, nikaweka vidole vya kushoto juu ya mkono wa koti, nikavitafuta vile vishikilio. Cha pili ni kigumu. Kidole kidogo kinapaswa kunyooka wakati vingine vimejikunja. Nimekirudia mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi, na sikuona kuwa giza limeingia. Malango ya Augarten hufungwa jua likizama. Nililoliingilia lilikuwa limefungwa. Nikafuata ukuta mpaka lingine, mlinzi akiwa na funguo mkononi. Alinitazama, akatazama kanga, akafungua. "Danke," nikamwambia. Nje sikujua niko upande gani wa mji, ikanichukua saa nzima kufika nyumbani. Mpwa wangu alikuwa amekwishapiga simu mara saba. Nimemwomba radhi.

Ijumaa, 21 Novemba

Nikienda msikitini ng'ambo ya Danube, kituo cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1979, nilipitiliza kituo, nikaikuta hotuba imefika katikati.

Baada ya sala nikaenda kwenye majengo ya kasri la Hofburg. Nilikuwa na sababu. Tarehe 21 Novemba 1796 alikufa hapa Vienna Angelo Soliman, Mwafrika aliyeletwa Ulaya mtoto, utumwani. Alikulia katika nyumba za wakubwa, akajua lugha nyingi, akaoa, akapata binti, akawa katika jumuiya ileile ya Wamasoni aliyoingia Haydn mwaka 1785. Alipokufa, mfalme Franz aliamuru achunwe ngozi, ikatandazwa juu ya umbo la mbao, akavikwa manyoya na shanga, akawekwa katika makusanyo ya wanyama humu kasrini. Binti yake Josephine aliomba apewe baba yake amzike. Hakupewa. Mabaki yaliungua katika moto wa mwaka 1848. Nimesoma Fatiha, ingawa sijui alikufa katika imani gani moyoni mwake. Kundi la watalii lilikuwa limesimama karibu, likielezwa habari za farasi weupe.

Jioni ndiyo ilikuwa zamu ya Staatsoper, jumba la opera. Mpwa wangu ameomba ruhusa akaja moja kwa moja kutoka kazini, na viatu vyake vya wodi. Tiketi za kusimama huuzwa siku hiyohiyo, na desturi ni kufunga skafu kwenye reli ya mbele yako ili mahali pako pajulikane. Sisi tulifunga kanga. Yeye yake, mimi yangu, ubavu kwa ubavu, na jina likasomeka mara mbili kwenye reli. Bibi mmoja jirani yetu aliinama akalitazama, akauliza ni lugha gani. Mpwa wangu akamweleza Kijerumani. Bibi akatikisa kichwa, akaeleza kuwa anasimama hapa tangu akiwa mwanafunzi.

"Mjomba," mpwa wangu akaniambia, "miaka sita, na tramu yangu inapita hapa kila siku. Sijawahi kuingia."

Jengo lilifunguliwa Mei 1869, likapigwa bomu tarehe 12 Machi 1945, likafunguliwa tena Novemba 1955. Usiku huu walicheza Zauberflöte ya Mozart, ambayo ilionekana mara ya kwanza mjini humu tarehe 30 Septemba 1791, miezi miwili na siku chache kabla hajafa. Yumo mtu aitwaye Monostatos, ambaye ameandikwa mweusi, na uovu wake umefungwa na rangi yake. Mwimbaji wake alikuwa hodari. Mkono wangu haukunyanyuka kumpigia makofi, baada ya pale nilipotoka mchana.

Mapumziko yalipokwisha nilipiga chafya. Sikio likafunguka. Lilifunguka lote kwa mara moja, na kitu cha kwanza kuingia kilikuwa sauti ya karatasi: bibi jirani akikunja programu yake. Kisha viatu vya mpwa wangu sakafuni. Kisha mtu akikaza uzi wa fidla kule chini shimoni. Sehemu ya pili huanza na mwendo wa makuhani, wa polepole, bila kishindo. Niliusikia kushoto na kulia. Nilishika reli kwa mikono miwili, juu ya kanga, mpaka ukaisha. Mpwa wangu akaniuliza kama goti linauma. Nikamwambia haliumi.

Jumamosi, 22 Novemba

Uwanja wa ndege. Kanga yangu imebaki kwenye reli. Tuliondoka mbiombio kuwahi treni, mpwa wangu akafungua yake, mimi nikasahau yangu. Asubuhi hii amepita kuuliza, wakampa, ilikuwa imekunjwa vizuri. Nimemwambia zikae zote mbili kwake, na mwezi ujao aende tena na mumewe, akazifunge palepale.

Ndege inachelewa saa mbili. Nimetumia muda huo kuchora mistari mitano kwenye daftari na kuanza kuandika bashraf ya kwanza. Noti nilijifunza skuli, zimenitoka nyingi. Nimeandika mapigo manane, nikafuta matatu.

Saba nitaziandika zote kabla ya Ramadhani. Hizo nne siwezi peke yangu. Zilikuwa zikipigwa Unguja katika miaka ya themanini, kwenye harusi na kwenye kilabu, fidla nne, kanuni, udi, akodiani na dumbaki. Ya nane huanza kwa kanuni peke yake, kisha fidla zinaingia kwa pamoja, zikishuka. Aliye na kanda ya zamani, hata kama imekwaruza, au aliyekuwa akikaa kibarazani akisikiliza na bado anaweza kuzivumisha kwa mdomo, namwomba aje. Nipo kilabuni kila Jumatatu na Alhamisi baada ya Isha.